Tambara la kupangusia mbao laweza kukulinda au kukudhuru

IWAPO umewahi kumwita seremala nyumbani akukarabatie kabati au akupakie vanishi meza ya kulia, yamkini ulichotazama zaidi ni mbao, rangi na bei. Ni wachache mno wanaotazama tambara lililo mkononi mwa fundi. Ilhali tambara hilo, ambalo hupangusa mbao zikishapigwa msasa na kabla ya kupakwa vanishi, ndilo huamua vumbi litaishia wapi: kwenye takataka au ndani ya mapafu yako na ya watoto wako. Fauka ya hayo, matambara mengine ya vanishi yakitupwa ovyo baada ya kazi huweza kushika moto yenyewe, bila mtu kuyakaribia na kiberiti.

Juma hili tutajifunza namna ya kuchagua kitambaa cha kupangusia mbao, jinsi ya kukitumia bila kudhuru afya, na namna ya kukitupa. Somo hili linamhusu fundi wa kando ya barabara ya Ngong au Gikomba jijini Nairobi, na vilevile wewe unayejipakia kiti vanishi kwenye roshani ya nyumba ya kupanga.

Vumbi la mbao si uchafu tu

Mbao zinapopigwa msasa hutoa vumbi la namna mbili. Kuna lile zito ambalo huanguka chini papo hapo na ambalo waweza kulifagia. Kisha kuna lile laini mfano wa poda. Hilo huelea hewani kwa muda mrefu, na sehemu yake ni ndogo kiasi kwamba jicho haliioni. Hili la pili ndilo hatari zaidi, kwa sababu hupita puani na kushuka hadi ndani kabisa ya mapafu.

Kwa muda mfupi vumbi hilo huwasha macho, huleta chafya na kikohozi, na kuziba pua. Baadhi ya miti ina kemikali zinazoamsha pumu na kuvimbisha ngozi. Mvule, ambao hupendwa sana kwa milango na fanicha, ni mmojawapo wa miti hiyo. Fundi anaweza kuufanyia kazi miaka mingi bila tatizo, kisha mwili ukaanza kuukataa ghafla.

Madhara ya muda mrefu ni makubwa zaidi. Katika mji wa High Wycombe nchini Uingereza, ambao ulikuwa mashuhuri kwa viwanda vya viti, daktari wa upasuaji wa masikio, pua na koo aliyeitwa Esmé Hadfield alitambua kwamba aina fulani ya saratani ya pua, ambayo kwa kawaida ni nadra sana, ilikuwa ikiwapata watengenezaji fanicha kupita kiasi. Yeye na wenzake, akiwemo Donald Acheson, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika miaka ya 1960. Mnamo 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha vumbi la mbao katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Saratani hiyo huchukua miongo kadhaa kujitokeza. Kijana anayevuta vumbi leo akiwa na miaka 20 huenda asione chochote hadi awe mzee. Ndiyo maana mafundi wengi hulidharau vumbi, wakidhani kikohozi ni sehemu ya kazi.

Kupuliza si kusafisha

Mazoea ya mafundi wengi ni kupuliza mbao kwa mdomo, kuzipiga kwa tambara kavu, au kutumia mashine ya kupuliza hewa. Mbao huonekana safi, lakini vumbi halijaondoka. Limehamia hewani, na baadaye sehemu yake huweza kutua juu ya vanishi mbichi na sehemu nyingine kuingia vifuani mwenu. Kwa hivyo anayepuliza hupata hasara mara mbili: kazi yake hutoka na chembechembe kama mchanga, na afya yake huzorota.

Njia ifaayo ni kulinasa vumbi na kulizuia lisiruke. Anza kwa kuvaa barakoa inayobana vizuri usoni. Zile za N95 au FFP2, ambazo wengi wetu tulizifahamu wakati wa janga la Korona mwaka wa 2020, huzuia vumbi laini. Barakoa ya kitambaa au leso iliyofungwa puani haitoshi.

Kisha ondoa vumbi zito. Ikiwa una mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio kizuri, itumie. Kama huna, pitisha brashi laini polepole kufuata mkondo wa nyuzi za mbao, huku vumbi likiangukia gazeti lenye unyevu. Baada ya hapo ndipo kitambaa kinapoingia.

Uchague kitambaa gani?

Kitambaa bora ni cha pamba tupu, cheupe, kilichofuliwa mara nyingi hadi kikawa laini na kuacha kutoa nyuzi. Shuka kuukuu au fulana nyeupe ya ndani hufaa sana. Kata vifungo, zipu na mishono minene kwa maana hukwaruza mbao.

Epuka sufu kwa sababu huacha manyoya. Epuka nguo za nailoni na poliesta, ambazo hazifyonzi maji vyema, na baadhi ya vitambaa vya kutengenezwa viwandani huweza kuharibiwa na thina. Fulana za kampeni, ambazo hubaki kwa wingi majumbani kila baada ya uchaguzi, hazifai pia. Nyingi si pamba tupu, rangi zake huchuja, na picha iliyochapishwa kifuani hulainika ikiguswa na thina ikapaka mbao madoadoa.

Matambara yanayouzwa kwa kilo kutoka kwa mitumba yafuliwe kwanza kwa sabuni na kusuuzwa vizuri. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, kwani masalio yake huizuia vanishi kushika.

Kuna pia vitambaa vyepesi vya wavu wa pamba vilivyotiwa nta au utomvu ili vinate. Hivi hunasa vumbi laini ajabu. Hata hivyo, vina masharti mawili. Kwanza, vipitishwe juu ya mbao kwa wepesi kama unayempapasa mtoto mchanga. Ukikandamiza, utomvu hubaki kwenye mbao na vanishi hukataa kushika. Pili, watu wengine ngozi yao hukataa utomvu huo na hutokwa na vipele. Ukiona mikono inawasha baada ya kukitumia, vaa glavu au tumia kitambaa cha aina nyingine.

Kwa vanishi zinazochanganywa na maji, vitambaa vya kunata havifai sana kwa kuwa mafuta na nta hazipatani na maji. Hapo tumia kitambaa cha pamba au maikrofaiba kilicholowanishwa kwa maji safi.

Namna ya kupangusa

Kilowanishe kitambaa, kisha kikamue kwa nguvu hadi kisitoe hata tone. Kikunje mara mbili au tatu ili upate pande kadhaa safi. Pangusa kwa mwendo mmoja mrefu kufuata nyuzi za mbao, wala usizungushe. Upande mmoja ukichafuka, geuza. Pande zote zikiisha, usikikung'ute! Kukung'uta kitambaa ni kulirudisha vumbi lote hewani. Kitie ndani ya ndoo ya maji na uchukue kingine.

Maji huzifanya nyuzi za mbao zisimame kidogo na mbao hukwaruza ukiipapasa. Hilo lisikutie wasiwasi. Acha zikauke kabisa, piga msasa laini kwa wepesi, kisha upanguse tena. Jambo jema kuhusu maji ni kwamba hayatoi mvuke wa sumu, hayashiki moto na hayana gharama kubwa. Pale ambapo maji yanatosha, usitafute kitu kingine.

Usijifute jasho kwa tambara la kazi, wala usiliweke mfukoni au kulitupa begani. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Nguo za kazi na matambara yafuliwe peke yake, mbali na nepi na nguo za watoto.

Thina, tapentaini, mafuta ya taa na petroli

Mbao zenye mafuta ya asili, kama vile msaji, au zilizo na nta ya zamani, huhitaji kupanguswa kwa kimiminiko kinachoyeyusha mafuta. Hapa ndipo watu hudhurika kwa kutojua.

Petroli isitumiwe kamwe. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo husambaa sakafuni bila kuonekana hadi ufikie jiko la chumba cha pili, ukawaka na kurudi na moto hadi ulipo. Isitoshe, petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Mafuta ya taa nayo huacha utando wa mafuta unaoharibu vanishi, hivyo hata kwa upande wa kazi hayana faida.

Thina na tapentaini zaweza kutumiwa kwa masharti. Fanyia kazi nje, au fungua milango na madirisha yote mawili ya pande zinazokabiliana. Zima jiko, mshumaa na sigara. Vaa glavu zisizopenyezwa na kemikali hizo, kwa maana zile nyembamba za hospitalini huyeyuka au kupenyezwa upesi na thina. Mimina kidogo tu kwenye kitambaa badala ya kuumwagia ubao. Ukianza kuumwa na kichwa, kuhisi kizunguzungu au kichefuchefu, acha kazi mara moja utoke nje. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke huo hata kidogo.

Usinawe mikono kwa thina au petroli. Huondoa mafuta ya ngozi, ngozi ikakauka na kupasuka, na sehemu ya kemikali ikapenya mwilini. Kuondoa vanishi ya mafuta mikononi, jipake mafuta ya kupikia, sugua, kisha unawe kwa sabuni.

Na jambo moja la kurudiwa kila siku: usiweke kemikali hizi kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.

Tambara linaloshika moto lenyewe

Thina na mafuta ya taa huhitaji cheche au mwali ili yawake. Lakini mafuta ya linsidi, yaani yale yanayokamuliwa kutoka kwa mbegu za kitani, ni tofauti. Mafuta haya hupakwa mbao ili kuzing'arisha na pia hutumiwa kuundia vanishi nyingi za mafuta. Hayakauki kwa kugeuka mvuke, bali kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani, na katika kufanya hivyo hutoa joto.

Mafuta yakiwa yamepakwa ubaoni, joto hilo hutawanyika bila madhara. Lakini yakiwa ndani ya tambara lililofinyangwa na kutupwa kwenye pipa au kona, joto hukosa pa kutokea. Kadiri joto linavyoongezeka ndivyo mafuta yanavyovuta oksijeni kwa kasi zaidi. Baada ya saa chache tambara huanza kufuka moshi, kisha huwaka.

Hiki si kisa cha kutungwa. Mnamo Februari 23, 1991, moto ulizuka katika orofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza, lililokuwa na orofa 38, mjini Philadelphia, Marekani. Uchunguzi ulibaini kwamba chanzo kilikuwa matambara yenye mafuta ya linsidi, yaliyoachwa na wafanyakazi waliokuwa wakizing'arisha mbao za ukutani. Wazima moto watatu walifariki. Moto huo uliteketeza orofa moja baada ya nyingine kwa zaidi ya saa 18, hadi ulipofika orofa ya 30 ambako mitambo ya kunyunyiza maji ilikuwa imewekwa. Jengo hilo halikutumika tena na lilibomolewa mwaka wa 1999.

Ikiwa matambara yaliweza kuangamiza jengo la namna hiyo, fikiria karakana ya mabati iliyojaa maranda, au chumba kimoja ambamo fundi hulala na vifaa vyake.

Hatari hii yahusu pia vitambaa vya kupangusia. Mafundi wa zamani walijitengenezea kitambaa cha kunata kwa kulowanisha wavu wa pamba kwa maji, wakaunyunyizia tapentaini na vanishi kidogo, kisha wakaukamua hadi vikaenea sawasawa. Walikihifadhi ndani ya chupa au mkebe uliofunikwa kabisa. Kifuniko kilikizuia kukauka, na pia kiliinyima hewa nafasi ya kuamsha joto. Ukikitengeneza, fuata desturi yao ya kufunika.

Matambara ya linsidi au vanishi ya mafuta yatupwe kwa mojawapo ya njia hizi mbili. Yatandaze moja moja nje, chini au kwenye kamba, mbali na nyumba na mahali ambapo watoto hawafiki, hadi yakauke na kuwa magumu kama karatasi. Au yatie ndani ya mkebe wa chuma, ujaze maji hadi yazame, kisha uufunike hadi siku ya kuyatupa. Usiyarundike, usiyatie kwenye mfuko wa plastiki, wala usiyaache ndani ya gari.

Fanicha kuukuu na rangi ya zamani

Kitanda cha mtoto au mlango uliorithiwa kutoka kwa wazazi huweza kuwa na rangi ya zamani yenye madini ya risasi. Rangi kama hiyo ikipigwa msasa mkavu hutoa vumbi linaloathiri ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Usipige msasa mkavu rangi usiyoijua. Ilowanishe kwanza na utumie msasa wa maji. Pangusa kwa matambara yaliyolowa, yafunge ndani ya mfuko na uyatupe. Usiyafue ili kuyatumia tena. Wajawazito na watoto wakae mbali hadi sakafu ipigwe deki mara mbili.

Dalili za kumwona daktari

Fundi akikohoa au kubanwa kifua siku za kazi, akapata nafuu Jumapili au wakati wa likizo, kisha hali ikarejea Jumatatu, huenda ana pumu inayoletwa na kazi. Amweleze daktari kazi anayofanya na aina ya mbao anazotumia, kwani mara nyingi swali hilo husahaulika. Pua iliyoziba upande mmoja kwa majuma mengi, au inayotoka damu mara kwa mara upande huo huo, yahitaji kuchunguzwa na mtaalamu wa pua na koo bila kukawia.

Kemikali ikirukia jichoni, liosheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha nendeni hospitalini. Mtoto akinywa mafuta ya taa au thina, msimtapishe wala msimpe maziwa. Akitapika, kimiminiko hicho huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mkimbizeni hospitalini pamoja na chombo alichonywea. Aliyeungua na moto amwagiliwe maji safi ya baridi, yasiwe barafu, kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na siagi visipakwe kwenye kidonda.

Unapomwita fundi

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga wanaposhika vitu vyenye madhara. Mwenye karakana asiwakate vijana wake pesa za barakoa.

Nawe mwenye nyumba, kabla ya kazi kuanza, muulize fundi maswali manne. Atapigia msasa wapi? Atapangusa kwa nini? Vanishi yake ni ya maji au ya mafuta? Matambara atayatupa wapi jioni? Fundi anayeijua kazi yake atakujibu bila kusita. Akisema atayaacha kwenye kona hadi kesho, mpe mkebe wenye maji na uhakikishe yamezama kabla hajaondoka.